Mlango wa Aprili

Katika mji wa Brashear, milimani Kentucky, kila mtu humwita Delmar Trosper "Kocha": mchungaji wake, muuza nyama, hata daktari anayempima shinikizo la damu. Siku alipomzika mkewe, wanaume waliobeba jeneza walimshika mkono mmoja mmoja wakimwambia, "Pole, Kocha," naye hakuona ajabu. Asubuhi alifundisha historia katika sekondari ya mji, jioni mpira wa kikapu. Jezi alizifua mwenyewe. Basi la timu aliliendesha mwenyewe, akipiga honi kabla ya kila kona kwa sababu ya malori ya makaa ya mawe, ingawa migodi ilikwisha kufungwa na siku hizi alikuwa anaipigia honi miti tu.

Sifa yake ilitoka kwa kijana mmoja wa zamani, Lonnie Gambrel. Kila Novemba kuna wiki ambayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho hutia saini na vyuo vinavyotaka kuwasomesha bure ili wavichezee. Chuo kidogo kilimtaka Lonnie. Kocha akamwambia asisaini, acheze kwanza msimu wake wa mwisho, vyuo vikubwa vimwone. Lonnie akasubiri, na majira ya machipuko chuo kikubwa kikampigia simu. Picha yake ingali kwa kinyozi, juu ya kioo. Baada yake walikuja wengine wawili watatu waliosubiri wakapata, na tangu hapo Brashear nzima ilijua kwamba mchezaji mzuri wa Kocha Trosper hasaini Novemba. Kusaini Novemba kulikuwa kama kukiri kwamba hujiamini.

Ndipo akaja Jarrett Sizemore. Alikuwa mrefu, mkimya, mtumiaji wa mkono wa kushoto, mwenye kurusha mpira taratibu kama mtu anayeweka yai mahali pake. Mama yake, Twyla, alikuwa akiogesha wazee katika nyumba ya kulelea wakongwe. Baba hakuwepo na hakuulizwa. Novemba ile Chuo cha Ashcombe, ng'ambo ya mlima, kikamtuma kocha msaidizi, Kip Landreth, kijana mwenye viatu visivyojua matope. Kip akakaa jikoni kwa Twyla, akala maharagwe na mkate wa mahindi, akaomba kuongezewa. Ada, chumba, chakula, vyote juu ya chuo. Jarrett atie saini tu.

Twyla akamgeukia Kocha, aliyekuwa ameketi karibu na jiko.

"Kocha, mimi mpira siujui. Ninachoona ni mtu amekuja na karatasi, na mwanangu anataka kuandika jina lake."

"Ataliandika, mama. Aprili."

"Kwa nini si leo?"

"Kwa sababu Aprili karatasi zitakuwa nyingi, achague mwenyewe. Muulize Lonnie."

"Lonnie anauza magari, na tumbo lake linafika kabla yake."

Wote wakacheka, Kip naye. Kisha Twyla akamwangalia mwanawe. "Wewe unasemaje?"

Jarrett akaitazama ile karatasi, akamtazama Kocha. "Kocha akisema nisubiri, nasubiri."

Kip akainuka, akavaa koti. Mlangoni akamshika kijana bega. "Haina neno, bwana mdogo. Nafasi yako ipo palepale." Na yawezekana kabisa kwamba jioni ile alikuwa anasema kweli.

Majira ya baridi yale Jarrett alicheza mpira ambao wazee wa Brashear hawakuwa wameuona tangu migodi ilipokuwa wazi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ngazini. Lakini simu zilizotarajiwa hazikuja. Hata zile za vyuo vidogo zikawa chache Februari, Machi zikakoma.

Kocha alikuwa amesikia habari za mlango. Nani hakusikia? Zamani mchezaji wa chuo akitaka kuhamia chuo kingine ilimpasa kukaa nje msimu mzima bila kucheza, kwa hiyo wengi walibaki walipo. Siku hizi hakuna wa kukaa nje. Ligi ikiisha, mlango wa uhamisho unafunguliwa, mchezaji anaandikisha jina, na vyuo vinamgombania kama samaki sokoni. "Ameingia mlangoni," watu husema, wakimaanisha anaondoka. Kwa kinyozi ilikuwa imegeuka utani. Mke wa kinyozi alipomkimbia, wateja walisema ameingia mlangoni, na kinyozi mwenyewe akajibu kwamba hata chuo cha miaka miwili, kile cha waliokosa vyuo vikubwa, hakitamchukua. Kocha alicheka pamoja nao. Aliuona mlango ule ni mambo ya wakubwa, wa kwenye televisheni. Hakudhani unaweza kufika Brashear.

Aprili ilipoingia Kip aliacha kupokea simu. Basi Kocha akafanya kama walivyofanya wazee wake: akamtia Jarrett ndani ya pikapu, akavuka mlima bila kualikwa, ili asimame mbele ya mtu.

Kip aliwakuta kwenye mlango wa pembeni wa ukumbi wa Ashcombe, simu mbili mkononi.

"Kocha Trosper, ungepiga simu kwanza."

"Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu."

Ndani wanaume walikuwa wanafanya mazoezi. Wanaume, si vijana. Mmoja alikuwa na ndevu kamili, na kwenye viti mkewe alikuwa anamnyonyesha mtoto. Mwenye ndevu akaja bombani kunywa maji, akamwona Jarrett na urefu wake.

"Wewe ndiye mpya?"

"Hapana."

"Aa. Mimi nimefika juzi." Akajifuta mdomo, akashusha sauti. "Hivi huu mji unaitwaje?"

Jarrett akamtajia. Yule bwana akashukuru, akarudi uwanjani.

"Ana miaka ishirini na tatu," Kip alisema. "Hiki ni chuo chake cha nne. Kocha, nisikilize. Nikimchukua Jarrett, nitamlea miaka miwili. Akishaiva, ataingia mlangoni, chuo kikubwa kitamchukua. Nitakuwa nimepika, jirani akala. Yule pale ameshaiva. Bosi anataka watu wazima. Asiposhinda msimu ujao, ataondoka, na mimi nyuma yake."

"Ulisema nafasi ipo palepale."

"Ipo, mzee. Ina mtu ndani."

Jarrett akauliza, polepole, kama anavyouliza mtu njia. "Ningesaini Novemba je?"

Kip akamtazama Kocha, kisha sakafu. "Ungesaini Novemba mambo yangekuwa yamekwisha. Tungekuwa tumefungwa, sisi na wewe. Ungekuwa na chumba tayari."

Wakarudi. Miti ya milimani ilikuwa inatoa maua, meupe na ya waridi, jinsi inavyotoa kila mwaka bila kumuuliza mtu. "Jarrett," Kocha alisema mwishowe.

"Angalia barabara, Kocha."

Kwa Twyla alikwenda mwenyewe. Alimkuta anapiga pasi sare yake ya kazi. Alimweleza yote, hakuficha kitu. Twyla hakupandisha sauti.

"Huo mlango umeanza lini?"

"Miaka michache sasa."

"Kwa hiyo Novemba, ulipokaa hapa jikoni kwangu, ulikuwa unaujua."

"Nilikuwa nimeusikia."

"Umeusikia." Akaigeuza sare, akaanza upande wa pili. "Nenda nyumbani, Kocha. Nina zamu."

Tangu siku ile Kocha alipiga simu. Alipiga kabla ya darasa la kwanza na baada ya darasa la mwisho, na shule ilipofungwa alipiga kutwa. Makocha waliokuwa wakimtafuta zamani walikuwa wamestaafu, au wamelala makaburini. Waliowarithi hawakulijua jina la Brashear. Walikuwa watu wa adabu. Waliuliza swali moja.

"Ana umri gani?"

"Kumi na minane."

"Mchanga huyo, mzee wangu."

Mwisho wa Julai akapata. Chuo cha miaka miwili, mbali kule Kansas kwenye mashamba ya ngano. Mchezaji wao mmoja alikuwa amevunjika mguu, na kocha wao, Wendell Unruh, alihitaji mtu mrefu mara moja. Alitaka jibu jioni ileile. Kocha akaendesha kwenda kwa akina Sizemore kwa mwendo ambao polisi wa Brashear, aliyekuwa mchezaji wake, alijifanya hakuuona.

Jarrett alikuwa ameketi kwenye ngazi za baraza, anavua buti. Tangu Juni alikuwa akifanya kazi na kikosi cha wakata miti wanaosafisha njia za nyaya za umeme. Nywele zake zilijaa unga wa mbao, na viganja vyake, vile vya kuweka yai, vilikuwa vimefunguka malengelenge na kufunga tena. Kocha akamweleza bila kukaa. Kansas. Chumba, chakula, jezi. Baada ya miaka miwili atakuwa mtu mzima, atauingia mlango kama wengine.

Jarrett akagonga buti moja kwenye ngazi, udongo ukadondoka.

"Mei nilikuwa nasikia mpira kichwani nikilala," alisema. "Unadunda. Sasa nasikia msumeno."

"Utarudi. Wiki mbili tu uwanjani, utarudi."

"Labda. Lakini sitaki tena kukaa naitazama simu, Kocha. Kwenye miti hakuna aliyeniambia mimi mchanga. Walinipa kofia, wakanionyesha mti."

Twyla alikuwa amesimama nyuma ya wavu wa mlango, bado na sare. "Nenda, Jarrett," alisema. "Mwanangu, tafadhali. Nenda."

"Mama, kesho tunaanza mapema."

Twyla akausukuma wavu, akatoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili akamtazama Kocha usoni. "Mwambie. Wewe anakusikiliza."

Maisha yake yote Kocha alikuwa na maneno ya kumwambia kijana. Alikuwa nayo ya kumwamsha aliyekata tamaa na ya kumtuliza aliyepagawa. Akayatafuta. "Nenda, mwanangu," alisema, na yalikuwa ni hayo tu.

Jarrett akasimama, soksi miguuni. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayerudisha kifaa alichoazima. "Novemba nilikusikiliza."

Akaingia ndani kuoga. Twyla naye akaingia, na wavu ukajifunga.

Kocha akaketi ndani ya pikapu, akampigia Unruh.

"Haji," alisema.

"Sawa, hamna shida. Nina mwingine Florida anangoja." Sauti ya karatasi ikasikika. "Samahani, huyu wako alikuwa nani vile? Nimfute."

"Jarrett Sizemore. Wa Brashear."

"Sizemore. Haya, nimemwona. Kazi njema, Kocha."

"Anatumia mkono wa kushoto," Kocha alisema. "Harushi kwa nguvu, anauachia tu mpira, na akikosa hakasiriki, anarudi nyuma kulinda. Sijawahi kumpigia kelele, hata siku moja." Alikuwa anajua kwamba simu imekatwa. Aliendelea hivyo hivyo, akieleza jinsi kijana anavyopokea pasi akiwa amekipa kikapu mgongo, mpaka taa ya jikoni kwa akina Sizemore ikawashwa.