Ufunguo wa Chumba cha Uyoga

Mtaa mzima walimwita Kiguunjia, na jina halikumwonea. Akikaa kwenye kiti, goti linacheza. Akiinjika sufuria, anaiacha motoni akachungulie jirani kanunua nini. Mume alimpata, tena mpole, lakini alimwacha. Hakumwacha kwa ugomvi, alichoka kumtafuta. Basi akarudi nyumba ya marehemu mama yake akapewa chumba cha uani. Nyumba ya mbele alikaa kaka yake, fundi bomba, na mkewe na mabinti zao watatu.

Biashara alizojaribu, vidole vya mikono havitoshi. Alifuga kware, akawa kila saa anawapapasa kama wametaga, kware wakasusa. Alifuga minyoo ya kutengeneza mbolea kwenye beseni kubwa, akawa anaifukua kutazama kama imezaana, minyoo ikahama beseni ikaenda kukaa jikoni kwa wifi yake. Alipanda maua ya kuuza kwenye vyungu, akawa anayahamisha, mara kivulini, mara juani, mpaka yakafa kwa kuchoka safari. Kila alichokishika kilikufa kwa kushikwashikwa. Watu wote waliliona hilo, ila yeye.

Ndipo akasikia habari za uyoga. Akakigawa chumba chake kwa ubao mwembamba, nusu kitanda, nusu uyoga, katikati mlango wenye kufuli. Dirisha la upande wa uyoga akaliziba kwa kitambaa cheusi. Akachemsha maranda ya seremala kwenye pipa, akayapoza, akayashindilia kwenye mifuko ya nailoni pamoja na mbegu, mifuko arobaini, akaining'iniza kwa kamba. Uyoga wenyewe hauna makuu. Unataka giza, unyevu, na kuachwa wiki tatu mpaka utando mweupe ujae mfuko mzima. Kuachwa tu. Huyu akawa anaingia mara nane kwa siku na tochi, anabonyeza mfuko huu, anafungua ule aunuse. Wiki ya pili mifuko yote ikaota ukungu wa kijani.

Badala ya kujitazama mikono, alikwenda sokoni akamkabili mama aliyemuuzia mbegu mbele ya wateja wake, akamwita tapeli. Mama wa watu akamsikiliza mpaka akamaliza.

Kaka yake naye hakungoja. Mtu huyo hajawahi kuziba bomba la nyumbani kwake likazibika, lakini kwa kupanga mambo ya wenzake hana mfano. Akamwambia dada yake kwamba chumba kile mama hakukiacha kiwe makaburi ya wadudu. "Nakupa wiki tano. Kisipotoa kitu, nampangisha fundi simu mmoja anayetafuta chumba. Wewe utalala na mabinti."

Alale na mabinti. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili aombe ruhusa ya kuzima taa! Siku ile hakula. Alizunguka uani mpaka kuku wakamkimbia.

Kesho yake akarudi kwa yule yule aliyemwita tapeli, maana hakuna mwingine anayeuza mbegu ile. Muuza mbegu hakupandisha sauti.

"Mbegu yangu nzima," akamwambia. "Mkono wako ndio mgonjwa. Nitakuuzia, lakini nionyeshe kwanza mtu mwingine atakayeshika ufunguo."

Mtu mwenyewe ni nani? Mabinti wangeutoa kwa pipi. Kaka angeupoteza. Alibaki wifi yake, ambaye tangu siku alipokuta mnyoo kwenye ungo hawakuwa wakisemeshana zaidi ya chumvi iko wapi. Huyo alikuwa mshonaji, akikaa kwenye cherehani yake asubuhi, unamkuta pale pale jioni. Kiguunjia alimeza mate, akameza na maneno, akampelekea ufunguo. Wifi akauangalia, akaufunga kwenye pindo la nguo yake, akaendelea kushona.

Mifuko arobaini mipya ikajazwa na kuning'inizwa, wifi akafunga mlango, na hapo mateso yakaanza. Mifuko iko ng'ambo ya ubao, kitanda chake kiko upande huu, naye halali wala hakai. Anabandika sikio kwenye ubao, kana kwamba uyoga unapiga kelele. Anafagia uani mara nne. Anakwenda dukani, anasahau alichofuata, anarudi, anatoka tena. Siku ya kumi na mbili akajitia kujipitisha karibu na cherehani.

"Wifi, nimesahau kitambaa changu mle ndani."

"Kitambaa kiko kichwani, wifi," mwenzake akasema, wala hakuinua uso.

Siku ya kumi na sita akachukua msumari akatoboa ubao. Tundu la kuchungulia tu, alijiambia. Kwenye giza aone nini? Akalipanua, akapenyeza kidole, akagusa mfuko, akasikia baridi, moyo ukamtulia kwa muda wa kuvaa ndala. Kisha akagusa wa pili.

Siku ya kumi na tisa, wiki tano bado hazijatimia, kaka mtu akaingia na fundi simu na futi ya kupimia. Kwamba anapima tu. Wakapima upande wa kitanda, fundi simu akauliza kule nyuma kuna upana gani. Kaka akamwita mkewe alete ufunguo. Alikuwa mwanamume wa kuamuru akiwa na mgeni.

Wifi akaja taratibu, uzi bado mdomoni. Akafungua pindo, akatoa ufunguo. Mumewe akanyoosha mkono, yeye hakumpa. Akamgeukia Kiguunjia.

"Nifungue?"

Fikiria mtu amekaa siku kumi na tisa na kiu ya mlango ule. Sasa mlango unafunguliwa, ataona, na mifuko ikiharibika lawama si yake, ni ya kaka. Goti likamcheza. Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Kisha akavuta kigoda, akakiweka mlangoni, akakikalia.

"Usifungue," akasema.

Kaka akafoka kwamba hii ni nyumba ya mama yake. Akajibiwa na mkewe, kwa sauti ya kuulizia sindano, kwamba wiki tano ni tano, na fundi simu anajua kuhesabu. Fundi simu akakunja futi yake, akaaga. Kiguunjia alikaa pale mlangoni mpaka jua likazama, na siku ya pili akakaa tena. Watu walikuja kumtazama amekaa, wakadhani anaumwa.

Siku ya ishirini na mbili wifi alifungua mwenyewe, muuza mbegu akiwepo. Mifuko thelathini na tano ilikuwa myeupe kama magunia ya unga. Mitano, ile ya karibu na ubao, ilikuwa ya kijani. Muuza mbegu akalitazama tundu, akakitazama kidole cha Kiguunjia, akaitoa ile mitano. Kiguunjia hakumwomba radhi. Mpaka leo hajamwomba, akinunua mbegu anaangalia chini, na mwenzake anamuuzia hivyo hivyo akiwa na kinyongo chake, na haki anayo.

Wifi ndiye aliyechana mifuko na kuinyunyizia maji. Wiki ya tano haijaisha uyoga ukatoka, mpana, umerundikana kama masikio. Kaka mtu akala wa kwanza, akawaambia majirani kwamba wazo lilikuwa lake.

Lakini uyoga ukikatwa asubuhi, alasiri umenywea, hauuziki. Unataka mtu wa mbio. Hapo miguu ya Kiguunjia ikapata kazi ya maana kwa mara ya kwanza: mahoteli, hospitali, nyumba za ghorofa, ngazi kwa ngazi, kapu kichwani, saa sita kapu tupu. Fundi simu alipata chumba kwingine.

Ufunguo haukurudi. Kila mchana Kiguunjia akifika huweka kapu chini, husimama pembeni ya cherehani, mguu mmoja umeshageukia uani.

"Uyoga mzima?"

"Mzima."

"Nichungulie kidogo tu, wifi."

Wifi hukanyaga cherehani.