Balbina na Kaka Aliyesoma Mstari Mmoja

Mimi na Balbina tunapakana mashamba ya mpunga huku Mbingu, na nasema mapema ili usije ukaniona mnafiki: niko upande wake. Alipolipiza kisasi nilifurahi mpaka nikaona aibu, na aibu yenyewe haikudumu.

Balbina ni mjane wa Kipogoro, mfupi, mcheshi, muimbaji wa kwaya. Mwaka alioanza kuumwa alikuwa anakula chakula cha watu watatu na bado khanga inamdondoka kiunoni. Macho yalimtoka. Mikono ilimtetemeka hadi chai inamwagika. Usingizi ulimkimbia, basi jogoo akiwika yeye alishafika shambani kupalilia. Shamba lake likawa safi, wakati la kaka yake Polikarpo, hapo hapo pembeni, lilimezwa na majani na mpunga ukageuka njano.

Polikarpo akatazama shamba lake, akatazama la dada yake, akapata jibu. Mvivu hakosi sababu. Akaanza kunong'ona kwamba Balbina analimisha misukule, wafu waliofufuliwa kichawi wamlimie usiku, ndiyo maana hanenepi wala halali. Na Polikarpo alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, tena ndiye msomi wa ukoo. Akinong'ona yeye, ujue kimesemwa.

Balbina akaenda hospitali Ifakara. Malaria hawakuiona. Daktari akamshika shingo, akaagiza damu ipimwe kujua hali ya tezi ya shingoni. Siku ya majibu aliambiwa asubiri daktari amsomee, lakini mtu mwenye ugonjwa ule hana subira hata ya kumeza mate. Akachukua karatasi yake, akapanda basi, akaipeleka kwa msomi wa ukoo.

Polikarpo alisoma mbele yetu sote, sebuleni kwake. "TSH, chini sana. Chini! Sasa hapo kuna ugonjwa?"

Tukatikisa vichwa, na mimi nikiwemo. Bonde hili tumekulia malaria. Kwetu kipimo kikiwa chini unamshukuru Mungu unakwenda zako. Balbina mwenyewe alitabasamu, akasema, "Mnaona? Sina kitu." Tabasamu hilo ndilo lililommaliza. Maana kama hospitali haioni kitu, basi si ugonjwa wa hospitali, na kama si wa hospitali, kila mtu huku anajua unapelekwa wapi.

Mstari wa pili wa karatasi ile ulisema T4 iko juu. Polikarpo hakuusoma. Alikunja karatasi akamrudishia mwenyewe.

Huku kwetu mtu akituhumiwa uchawi anapelekwa kwa mganga kunyolewa. Ananyolewa nywele zote za mwili, anapakwa dawa, anatangazwa kuwa safi. Anayemtuhumu naye hunyolewa, isije ikaonekana ana lake jambo. Na dawa hiyo haitoki mwilini: atakayerudia uchawi, itamgeukia. Basi wakanyolewa wote wawili. Polikarpo akavaa kofia yake akaenda kunywa pombe. Balbina akarudi kajifunika khanga kichwani, na kwaya hakukanyaga tena.

Hakupona, bila shaka. Alizidi kukonda, moyo ukimwenda mbio hata akiwa amekaa, hadi siku alipoanguka kwenye majaruba ya mpunga. Mimi ndiye niliyempeleka Ifakara, na karatasi yake nikaibeba.

Daktari Nadhira aliisoma yote, akauliza, "Nani alikwambia huna kitu, mama?"

"Si iko chini?"

"TSH ni amri. Inatoka kichwani, inaiambia tezi ya shingoni ifanye kazi. Tezi yako inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana hii T4, homoni inayotoka kwenye tezi, iko juu. Kichwa kikiona T4 imejaa, kinaacha kutuma amri. Kwa hiyo hii ya juu na hii ya chini zinasema jambo moja: tezi yako inakwenda yenyewe, haisubiri kutumwa."

"Ilikuwa imeandikwa hapa? Tangu siku ile?"

"Imeandikwa hapa."

Balbina hakulia. Alimwomba daktari aeleze tena, na tena, mpaka akaweza kueleza mwenyewe bila kutazama karatasi. Daktari akamwonya pia kwamba ugonjwa huu hupita katika damu ya ukoo. Ndugu anaweza kuupata huo huo, au ukamjia kinyume chake: anavimba uso, anahisi baridi, anasinzia, sauti inakwaruza. Balbina akasema, "Asante, dada," na nikaona ameliweka hilo mahali.

Vidonge vikafanya kazi. Nyama zikarudi. Na msimu uliofuata, nani alianza kuvaa koti zito katika joto la Mbingu? Polikarpo. Uso ukavimba, sauti ikawa ya chura, akawa anasinzia katikati ya rozari. Watu wakatazamana. Dawa imemshika! Kumbe mchawi ni yeye! Wakamvua uenyekiti. Hata maji ya kunywa kwake wakayakataa.

Nikamwambia Balbina, "Wewe unajua ni nini."

"Najua. Mwache. Ayaonje kwanza."

Akawa anapita nyumbani kwa Polikarpo makusudi. "Shikamoo, kaka," anaitamka kwa sauti tamu, apate tu kusikia ile marahaba inavyokwaruza. Kisha anakuja kunisimulia. Tulicheka. Ni vibaya, najua, lakini tulicheka.

Mpunga ulipokuwa unavunwa, Edna, mke wa Polikarpo, alikuja akilia: mume wake analala na tonge mkononi. Hapo Balbina akajifunga khanga. "Akifa, nani atakuja kusema kwamba alinisingizia?" aliniambia. Huo ndio ulikuwa upendo wake wa kidada siku ile.

Tukampeleka Polikarpo Ifakara, majibu yake yakatoka: TSH juu sana, T4 chini. Daktari akampa vidonge vya kumeza maisha yake yote. Tukakaa kwenye benchi nje.

"Sasa hii juu maana yake nini?" Polikarpo akauliza.

"Kichwa chako kinapiga kelele, tezi imelala," Balbina akajibu. "Tezi ile ile, kaka. Damu moja."

Polikarpo akamgeukia. "Utawaambia watu kwamba ni ugonjwa? Mimi hawataniamini. Wewe uliyepona watakuamini."

"Utasema wewe, mimi nitakuwa nimesimama pembeni yako. Majibu yangu kwanza, halafu yako."

"Nikisema hivyo, si itaonekana nilikunyoa bure?"

"Ndiyo."

"Ule mstari wa pili niliuona, Balbina. Mpunga wako uliniuma."

"Na hilo utalisema. Chagua, kaka. Uwaendee kama mchawi au kama mwongo."

Jumamosi jumuiya ilisali nyumbani kwa Balbina. Haijawahi kujaa vile. Wengine walisimama nje. Polikarpo akainuka, koti lake mwilini, dada yake kando. Akaeleza majibu ya Balbina, iliyo chini ina maana gani na iliyo juu ina maana gani. Akasema mstari wa pili aliuona, na kwa nini aliuruka. Kisha akaeleza yake. Jasho lilimtoka, yeye aliyekuwa hajatoka jasho tangu kilimo kianze. Akina mama wawili watatu wakajifuta machozi, na mzee mmoja akaanza kutufanyisha ishara ya msalaba tufunge sala.

Polikarpo akanyoosha mkono. "Nisamehe, mdogo wangu."

Watu wakaguna kwa huruma. Balbina aliutazama mkono ule, hakuushika. Akageuka akatazama mlangoni, kwa waliosimama nje.

"Rudia, kaka," akasema. "Wa nje hawajasikia."