Mkasi wa Mama na Mabawa ya Sista

Enzi zetu, na ninyi mliokulia ugali wa muhogo mtanielewa, kuku alikuwa na jina, tabia na maadui. Hakuwa huyu wa siku hizi anayeletwa na bodaboda, yuko uchi ndani ya mfuko, hata jogoo na tetea huwezi kuwatofautisha. Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Mbinga mjini. Nilipomwambia kuku anaweza kuruka juu ya ua, alitoa simu kwanza ahakikishe kama mama yake hadanganyi. Bahati nzuri simu ilinitetea.

Kwetu ni Lipingo, kando ya ziwa. Ua wetu ulikuwa wa matete, unamfika mtu mzima kifuani, na upande wa pili aliishi Mama Otilia, mwenye vichanja vingi vya usipa kuliko jirani yeyote. Usipa ndio dagaa wetu wa Nyasa. Ukianikwa alfajiri, ikifika saa nne umeshakauka na harufu inakufuata mpaka darasani. Sisi watoto tulidokoa mmoja mmoja, tukatafuna pamoja na mchanga wake. Kuku walikosa hata hiyo haya ya mmoja mmoja.

Sista nilipewa na bibi yangu wa Kingerikiti. Alikuwa mweupe mwili mzima, kichwa cheusi tii, ndiyo maana mimi na dada yangu Agnesi tukampa jina hilo. Mama alitukemea, halafu naye akalizoea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Sista alikaa na yake wiki nzima. Siku tulipomfungua alijinyoosha, akautazama ua, akaruka. Alitua katikati ya kichanja cha Mama Otilia.

Sasa, Mama Otilia alikuwa mtu wa adabu, hakuanza ugomvi bila salamu. Alikuja na Sista ananing'inia mkononi kichwa chini, akabisha hodi, akauliza tumeamkaje, akauliza na mihogo ya shamba la mlimani inaendeleaje. Mama alijibu yote kwa upole. Sisi tukatoa shikamoo, akaitikia marahaba. Zilipokwisha hizo, ndipo alipopandisha sauti mpaka wavuvi waliokuwa wanashona nyavu kule ufukweni wakageuka.

Mara ya tatu mama alichoka. Akasema Jumapili Padri anakuja kula kwetu, na Sista akivuka ua tena, watakutana mezani. Nililia mpaka kwikwi ikanibana. Nilimpenda yule kuku kupita kiasi; alikuwa anakuja nikimwita, jambo ambalo Agnesi hakulifanya hata siku moja. Agnesi naye badala ya kunipa pole akasema Sista kwenda kwa Padri si msiba. Nikamzaba kofi, na mama akanizaba mimi.

Jioni mama alilegeza moyo. Akatuambia kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua banda, tumkate bawa, hiyo iwe nafasi yake ya mwisho. Kulipokucha akaenda zake shamba. Tukachukua mkasi wake wa kushonea, ambao kuugusa tu lilikuwa kosa. Agnesi alishika, mimi nikakata. Nami tangu utotoni ni mtu wa haki, sikuona kwa nini bawa moja lionewe na lingine liachwe. Nilikata yote mawili, nikapima kwa kipande cha unyasi yasizidiane. Sista alitoka nadhifu kama mwanafunzi siku ya kufungua shule, na manyoya yake tukayachomeka kwenye nywele zetu, tukawa machifu.

Haikufika saa nne tukasikia ukelele ng'ambo. Alikuwa ameruka, kwa taabu kidogo, lakini ameruka. Hodi ilikuja, na safari hii mihogo haikuulizwa. Niliiona Jumapili ile pale.

Mama Otilia alikunjua bawa la kwanza, akakunjua la pili. Halafu akacheka mpaka akaenda kukaa juu ya kinu.

"Wanangu, mkikata yote sawa mmempunguzia mzigo tu," alisema. "Kata moja. Akiruka, upande mmoja umwangushe."

Akanituma mkasi. Akapunguza zaidi bawa la kushoto, akinionyesha mahali pa kuishia ili damu isitoke, la kulia akaliacha lilivyo. Sista alipowekwa chini alikimbia, akaruka, akajizungusha hewani na kuanguka ubavu. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mama aliporudi na mzigo wa kuni, Mama Otilia alimwambia huyu asiliwe, aliyekosa ni kinyozi. Jumapili ile Padri alikula jogoo, na Mama Otilia akaalikwa, akapewa paja.

Manyoya huota upya, na sisi tulikuwa wasahaulifu. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa ilikuwa hodi, salamu, mihogo, kelele, kicheko na mkasi, mpaka Sista alipojifia kwa uzee akiwa bibi wa vifaranga wengi.

Leo nina ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu. Jirani yangu namfahamu kwa mlio wa geti lake. Mwaka wa sita huu hajawahi kuja kugombana nami, na mimi sijui hata kama ana watoto. Tumestaarabika.

Mwezi uliopita nilikwenda Lipingo. Mama amezeeka, ila ua bado ni wa matete na kuku bado wapo. Nikaona tetea mmoja anapaa, anavuka bila shida. Mabawa yote mazima. Kwa mazoea niliingia ndani nikatoka na ule mkasi. Mama alikuwa amekaa kibarazani, uso ameuelekeza ng'ambo, kule ambako vichanja vimeoza na majani yameota tangu tulipomzika Mama Otilia.

"Urudishe, mwanangu," aliniambia. "Waache waruke. Nani tena atakuja kunipigia hodi?"

Nikaurudisha. Tukakaa tunawatazama kuku wanavuka, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyepiga kelele.