Kabichi ya Mke wa Kijana Wangu

Mke wa kijana wangu ni mtu wa Poland. Alipokuja kwetu Masinga mara ya kwanza, alisema atawapikia akina mama wa ukoo chakula cha kwao. Nikafurahi. Kwetu, mke akipikia ukoo, ukoo ukala ukashiba, basi huyo ni wetu, maneno yameisha.

Alikata kabichi tatu nyembamba kama nywele, akazifinya na chumvi mpaka zikatoa maji, akashindilia kwenye ndoo na kuweka jiwe juu. Nikamuuliza anapika lini. Akasema Jumapili ijayo. Siku nane. Nikarudi kwa kazi zangu, nisionekane mama mkwe mchokozi.

Jumapili yeye na kijana wangu wakaenda misa ya kwanza, mimi nikafunua ndoo. Povu. Na harufu ya kukimbiza kuku. Uji huchachuka, maziwa ya kibuyu huchachuka, hayo nimefanya maisha yangu yote. Lakini kabichi? Nikaona msichana wa watu ataaibika mbele ya ukoo na mimi niko hapo. Nikaziosha maji matatu, nikazichemsha na magadi, vile tunalainisha mahindi na maharagwe. Zikafura povu likamwagika likazima moto. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mwishowe zikalainika, harufu ikaisha, nikakaanga na vitunguu na nyanya. Nikajisifu.

Aliporudi akaonja, akaweka kijiko chini.

"Mama, uchachu umeenda wapi?"

"Nimeutoa," nikamwambia.

Akaenda nyuma ya nyumba. Kijana wangu akanieleza kwamba ule uchachu ndio chakula chenyewe, ndio alikuwa anangojea siku zote nane. Hata hapo sikuelewa. Chakula kioze ndipo kiive?

Akina mama wakafika, wakala na ugali, wakapangusa sahani. Mkubwa wao akasema huyu anapika kama sisi, apewe jina la Kikamba leo leo. Mke wa kijana wangu alikuwa amerudi, ameinamisha kichwa tu. Ningenyamaza angekuwa wa ukoo. Lakini ule ulikuwa mkono wangu, na mimi sidanganyi watu na chakula.

"Hiyo ni yangu," nikasema. "Yake niliiharibu. Bado hamjaionja."

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu, wakaniita mwizi wa sufuria. Wakasema watarudi Jumapili nyingine, na mimi nisikaribie ndoo.

Yeye akaja na macho mekundu, akanishika mkono, akaubana sana. Hadi leo sijui kama alikuwa ananishukuru au alitaka kuuvunja.