Volan Iliyotulia

Watu wa kanisa wananiambia hasira hasara. Hasara nilishaipata zamani, basi waniachie na hasira yenyewe. Na mtu akisema vita iliniibia motokari, ninamrudisha palepale: haikuibwa. Niliitengeneza mimi mwenyewe, nikawapelekea askari mpaka mkononi, mama yangu akiwa amelala ndani.

Wakati ule nilikuwa mwalimu Butembo. Mama alikuwa amekwenda Mbau kumsaidia dada yake kuvuna mpunga, akateleza, akavunjika mfupa wa nyonga. Wakamlaza hospitali ya Beni majuma mengi, mguu ukivutwa kwa kamba na jiwe. Nilipoitwa kwenda kumchukua, daktari alinitumia neno moja: asitikisike. Mfupa ulikuwa umeanza kushikana lakini bado mbichi, ukitikiswa utahama. Pikipiki hapana, lori hapana. Alale chali njia nzima, na baada ya mwezi nimrudishe aangaliwe.

Asitikisike! Na motokari niliyoachiwa na marehemu baba ilikuwa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ikianza tu kupata mwendo, volan, usukani wake, inacheza mikononi mpaka meno yanagongana. Ukiikata kushoto, magurudumu yanafikiri kwanza ndipo yakubali.

Nikaipeleka kwa fundi, mzee wa kanisa letu, mwenye garaji nyuma ya wapasua mbao. Akaingia chini, akaniambia niicheze volan kushoto na kuume huku yeye anasikiliza. Akatoka akipangusa mikono.

"Mwalimu, hii nitaitengeneza nusu."

"Nusu namna gani, papa?"

"Itoke hatari, mais iendelee kutetemeka. Motokari yenye kutulia, basoda banaipenda sana."

Desturi ya kuificha motokari nzima machoni pa basoda, hao askari wetu, niliijua, nani hakuijua? Miaka ile Butembo hapakuwa na motokari nzima. Kila mtu alichunga ugonjwa wa motokari yake kama anavyochunga mbuzi. Mchungaji wetu alichomoa waya mmoja wa injini kila akifika nyumbani, akaulaza katikati ya Zaburi. Mfanyabiashara jirani alifunga milango kwa kamba na kusukumisha yake kila asubuhi. Na ukikaribia bariyeri, kizuizi cha askari njiani, ulipaswa kukunja uso na kupigana na volan, hata kama haina neno. Yetu haikuhitaji mchezo. Liyetena mmoja wa askari aliwahi kuinyang'anya, akafika nayo rond-point, kwenye mzunguko wa njia, akairudisha mwenyewe akitutukana.

Lakini siku ile nilipanda hasira. "Papa, ni mama yangu! Mfupa wake uhame juu ya kuogopa basoda? Hatuna tena haki ya kuwa na kitu kizima katika nchi hii?"

Akaniangalia, akainama kuchukua funguo zake za nati. "Haya. Mama ni mama."

Alifanya kazi siku mbili. Viungo vya magurudumu ya mbele vilikuwa vimelika, akavijaza kwa plastiki aliyokata kwenye bidoni la mafuta. Chini ya mti wa volan akaweka raba ya mpira wa lori, iliyochongwa kwa kisu mpaka ikaingia kwa nyundo. Janti iliyopinda, ile duara ya chuma ya gurudumu, akaipiga ikanyooka. Kisha tukashuka nayo mteremko, akaniambia niachilie mikono. Ikaenda sawasawa, kimya. Nilicheka peke yangu kama mpumbavu, na mpumbavu ndiye niliyekuwa.

Nikaenda Beni bila shida, kila bariyeri nikikunja uso na kupigana na volan. Tukatoa kiti cha mbele, tukalaza godoro, tukamlaza mama juu yake. Baada ya mwendo kidogo akauliza, "Mwana, tumesimama?"

"Tunatembea, mama."

"Wasingya," akasema, ndiyo asante yetu ya Kinande, akafumba macho.

Nilifurahi kupita kiasi. Tulipofika bariyeri ya Kalunguta nilikuwa nimeshika volan kwa mkono mmoja, wa pili ninasalimia askari. Sikukunja uso wala kupigana na kitu. Nilisahau! Mtu mzima, mwalimu, nilisahau.

Komanda wao alikuja akitabasamu. "Mwalimu, shuka, nijaribu kidogo."

"Komanda, kuko mugonjwa ndani."

"Hapana ogopa. Nitaenda malembe, polepole."

Akaenda na mama yangu ndani, akageuza kule mbele, akarudi akicheka. "Eh! Haiteteme hata kidogo! Fundi yako anajua kazi." Kisha akasema wana operasyo ya vita, wanaichukua, kesho wataniletea. Askari wanne wakashusha godoro kwa uangalifu, wakaliweka kwenye majani kando ya njia. Komanda akavua kofia, akasema, "Mama, pardon." Pardon, eti samahani! Ningependelea anipige kofi. Nilianza kupiga kelele, mmoja akaninyooshea bunduki kifuani.

"Acha, mwana," mama akasema toka chini. "Usife juu ya chuma."

Wakapita vijana wawili wenye chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini, imejaa maharage. Walipotuona wakasimama. Wakashusha magunia, wakamfunga mama juu pamoja na godoro, wakasukuma. Magurudumu ya mbao, njia ya mawe, mpaka Butembo. Mama aliuma pindo la kitenge, na kila jiwe nililiona usoni mwake.

Kesho ya komanda haijafika mpaka leo. Mwezi ukaisha, sikupata motokari ya kumrudisha Beni. Tajiri mmoja alikuwa nayo, akaniambia yake haina breki. Labda ilikuwa kweli. Mfupa ukashikana palepale ulipohamia, mguu mmoja ukawa mfupi, na mama yangu, aliyekuwa analima kuanzia alfajiri, sasa anatembea akishika ukuta.

Angenilaumu ningepona. Hanilaumu. Wamama wa kanisa wakija kumtazama, ananiita nikae karibu, ananishika mkono mbele yao.

"Huyu alinitengenezea motokari," anawaambia. "Toka hospitali mpaka Kalunguta, sikusikia hata jiwe moja."