Kichefuchefu cha Mwalimu wa Udereva

Kaka yangu hufundisha udereva, na wanafunzi wake wamembatiza jina la Bwana Breki. Gari la shule lina breki ya pili upande wa abiria, anapokaa yeye, na mguu wake haubanduki hapo. Hata sebuleni kwangu, watoto wakikimbia, namwona akikandamiza zulia. Ndivyo alivyo katika kila jambo. Amebaki kapera mpaka mvi zimemwingia, si kwa kukosa wa kumpenda, ila kila akikaribia anafunga breki.

Mwaka huu akapata kichefuchefu. Kilimjia kazini, katikati ya somo: anabadilika rangi, anamwambia mwanafunzi aegeshe pembeni, anafungua mlango na kuinamia mtaro. Akaacha mayai. Akaacha maziwa. Akaacha kahawa, na hapo ndipo nilipoanza kumwonea huruma. Hospitali walimpima damu, mkojo na choo, wakamulika tumbo, hawakuona kitu. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alirudi amenywea, akisema ugonjwa usioonekana ndio unaoua.

"Mdogo wangu," akaniambia tukiwa jikoni, "kuna mtu nilitaka kumuoa."

Ilibidi nivute kiti. Mtu mwenyewe ni mjane, mshona mapazia, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake na kufeli kurudi nyuma mpaka watahini wakamzoea.

"Sasa kinachokuzuia nini?"

"Nimuoe leo, kesho nimwachie msiba? Ameshazika mume mmoja, inatosha."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Mwoga huyu hatimaye amejipa moyo, halafu tumbo limkoseshe mke? Asubuhi yake nikajipakia kiti cha nyuma cha gari la shule, ruhusa sikuomba.

Mwanafunzi wa siku hiyo alikuwa kinyozi mnene aliyeshika usukani utadhani kichwa cha mteja. Tuliondoka vizuri, kaka mzima, anatania. Tulipoingia barabara ya mashimo simu ikalia pajani kwake. Akainama. Kona, kaka kainama. Tuta, kaka kainama. Mguu kwenye breki, macho kwenye paja. Nikachungulia begani kwake nikaona ujumbe mrefu usio na nukta wala mkato. Alipoinua uso, alikuwa na rangi ya majivu.

"Egesha," akamwambia kinyozi.

Alipomalizana na mtaro nikamuuliza nani anamwandikia. Mshona mapazia, akasema, huandika dukani wateja wakipungua.

"Na wewe unausoma lini?"

"Ukiingia tu." Akaona haya. "Siwezi kungoja."

"Na Jumapili, mbona huumwi?"

"Jumapili duka limefungwa. Haandiki."

"Kaka, hata mimi nikisoma kwenye gari linalotembea natapika. Huna ugonjwa wowote."

Kinyozi akaongeza kwamba mke wake naye yuko hivyohivyo, hasomi chochote safarini. Kaka yangu, mtu aliyeshinda garini miaka yote hiyo, hakulijua hilo kwa sababu kabla ya mwanamke huyu macho yake hayakuwahi kutoka barabarani. Nilimsema vizuri kwa kuchezea roho za watu, kisha nikamwambia apige simu sasa hivi, kabla hajajitafutia ugonjwa mwingine. Akapiga, akaiweka simu kwenye spika nasi tusikie.

"Nilitaka kukuuliza," akaanza, "kama utakubali tuoane."

Mama wa watu akasema polepole, "Swali hilo nimekuuliza mimi. Kila ujumbe, mwishoni. Wewe unanijibu ya mwanzoni tu, habari za vitambaa na mvua. Nikajua unanikataa kistaarabu. Ule wa leo nilikuwa nakuaga."

"Sijawahi kufika mwisho," akasema kaka. "Nakujibu nilipoishia. Huwa natapika."

"Unatapika ukisoma maneno yangu?"

"Ni gari, mama," kinyozi akadakia. "Si wewe."

Kaka akamweleza yote, mashimo, mtaro, mpaka kipimo cha choo. Sijawahi kusikia posa ya namna hiyo. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, naogopa atakata simu. Alipomaliza tukasikia cherehani ikisimama kule dukani.

"Haya," akasema mshona mapazia. "Mimi nimeandika, na wewe niandikie. Nataka niusome mpaka mwisho."

Akakata. Kaka akaanza kuandika kwa kidole kimoja, midomo ikicheza, na mimi machozi yakanitoka, sioni aibu kusema. Kinyozi akatazama saa, akashika gia, akauliza kama tunaweza kuendelea, maana muda wa somo lake unakwisha.

"Thubutu," akasema kaka bila kuinua macho. "Gari hili haliondoki mpaka nimalize."