Mwezi ambao Dorkas alimkabidhi mumewe pochi ya nyumba

Singida. Saa moja asubuhi upepo wa Julai umeshachachamaa Mandewa. Dorkas Alute amesimama juu ya turubai, ameupa upepo mgongo. Anainua ungo hadi usawa wa kichwa, anautikisa taratibu, na alizeti inaanza kumwagika. Mbegu nzito zinaanguka miguuni pake. Makapi yanapeperuka na kurundikana kwenye ukuta wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta.

Amejitanda kanga kuanzia kichwani hadi puani, yanaonekana macho tu. Wanawake wengine wanapepeta kando yake. Hakuna anayepiga soga, kwa sababu ukifungua mdomo hapa unameza vumbi.

Wanalipwa kwa gunia. Siku yenye upepo mzuri Dorkas huondoka na Sh6,000, pengine zaidi kidogo. Upepo ukilala, hata nusu ya hizo haipati.

Jioni, wenzake wakishajikung'uta na kuondoka, yeye hubaki akijaza makapi kwenye kiroba. Mwenye kiwanda huyachoma moto, hivyo hana kinyongo yakibebwa. Dorkas hujitwisha kiroba na kutembea hadi kwake Mwankoko.

"Mwanzoni walinicheka sana," anasema. "Wakawa wananiuliza, Mama Rebeka, huko kwako unafuga mnyama gani anayekula makapi? Nikawaambia nafuga jiko."

Dorkas, mwenye umri wa miaka 44, hakuanza kubana matumizi kwa kupenda. Miaka mitatu iliyopita nyumba yao ilimtegemea mumewe, Sostenes, fundi ujenzi aliyekuwa akiitwa huku na kule mjini. Siku moja yeye na wenzake wakiwa wanapiga plasta ukuta wa nyumba ya ghorofa, mrunda mmoja, mti ulioshikilia jukwaa, ulikatika. Sostenes alianguka na kuvunjika nyonga.

Matibabu yalimaliza akiba na ng'ombe wawili waliokuwa nao. Leo anatembea kwa magongo. Chini ya paa lao wanaishi watu sita: wao wawili, watoto watatu, na mama mzazi wa Sostenes, Bibi Anastazia, ambaye anatumia dawa za presha kila siku.

"Nilikaa chini nikajiuliza, hizi hela ninazopata zinakwendaga wapi?" anasimulia Dorkas. "Nikaona hazikwendi kwenye vitu vikubwa. Zinaishia gengeni, kwenye vitu vya kupima. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, mkaa wa kopo. Mwenye uwezo ananunua gunia la mkaa, mimi nanunua kopo kila siku. Ukijumlisha makopo yangu, mimi ndiye niliyenunua gunia la bei mbaya."

Mkaa peke yake ulikuwa ukimlia Sh1,500 kwa siku. Ndipo mpepetaji mwenzake, mama mmoja aliyetokea Iramba, alipomwonyesha jiko la makapi. Unachukua ndoo ya bati iliyochakaa, unaitoboa tundu ubavuni karibu na kitako. Unasimamisha chupa katikati, unapitisha kijiti kwenye tundu hadi kiguse chupa, kisha unashindilia makapi mpaka juu. Ukichomoa chupa na kijiti panabaki njia ya hewa. Unawasha kwa chini, na moto unakaa hadi maharage yaive, alimradi uliyaloweka tangu usiku.

Baada ya jiko zikaja mbinu nyingine. Sabuni ya mche anaikata vipande na kuianika darini hadi ikauke kama jiwe, ndipo inatumika, kwa kuwa sabuni mbichi huyeyuka upesi kwenye maji. Mtama ananunua mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno, akichangiana gunia na majirani wawili. Mlenda na majani ya kunde anayakausha wakati wa mvua, yakiwa mengi, ili kiangazi asinunue mboga.

Si kila alichojaribu kilifaa. Alipofulia mashati ya shule kwa maji ya majivu ili kuokoa sabuni, yaligeuka manjano na kuchanika kabla muhula haujaisha, ikabidi anunue mengine. Na kuna siku aliiondoa sukari kwenye chai.

Bibi Anastazia anaikumbuka vizuri siku hiyo. "Nilikisukuma kikombe," anasema, akicheka na kuonyesha fizi. "Nikamwambia, mwanangu, mimi nimebakiwa na meno manne na chai. Hiyo chai niachie."

Sukari ilirudi jioni ileile.

Lakini aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa Sostenes. Alipokuwa fundi, mkono wake haukujua kufumba. Siku ya malipo nyama ililiwa mpaka kwa jirani. Sasa alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, akila chakula asichokinunua, kimepimwa na mtu mwingine. Hakulalamika kwa maneno. Alikuwa akikisogeza chakula na kusema ameshiba.

Mambo yaliharibika Septemba mwaka jana. Mafundi wenzake wawili wa zamani, Elisha na Christopher, walikuja kumjulia hali. Dorkas alikuwa kazini. Nyumbani kulikuwa na kuku watatu wa kienyeji, na mayai yao ndiyo yaliyonunua chumvi, sabuni na madaftari. Mmoja mweupe alikuwa akitaga kuliko wenzake.

"Baba aliniambia nimkamate yule mweupe," anasema Rebeka, binti yao mkubwa, ambaye yupo kidato cha nne. "Nikamwambia, baba, huyo ndiye anayetaga. Akasema, niletee kisu."

Kuku alikaangwa kwa mafuta yaliyokuwa yametengwa kwa wiki nzima.

Dorkas aliporudi, wageni walikuwa wameshaondoka. Aliyakuta manyoya kando ya shimo la taka. Alitua kiroba chake na kumsalimia mkwewe kwanza, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Rebeka, umechinja sabuni ya watoto."

"Nimechinja kuku wangu," Sostenes alimjibu. "Ulitaka wageni wangu wapewe mlenda mkavu, kana kwamba nimeshakufa?"

Dorkas anasema neno hilo lilimkata maini. Usiku kucha alilitafuna peke yake, na kulipokucha alikuwa ameamua. Alifungua pindo la kanga, akatoa pochi na kuiweka mapajani mwa mumewe.

"Nilimwambia, mwezi huu nyumba iko mikononi mwako. Kila nitakachopata nitakuletea. Ukisema tule nyama, tutakula nyama. Sitakuuliza."

Sostenes anakiri kwamba aliichukulia kama dharau. "Nikasema sawa, nitamwonyesha," anasimulia, magongo yake yakiwa yameegemea ukuta. "Wiki ya kwanza tulikula nyama mara mbili. Nikaagiza mkaa, ile ndoo yake nikaipiga teke. Kwa kweli nilijisikia mwanamume tena."

Dorkas alitimiza ahadi yake. Kila jioni alikabidhi alichopata, akala alichopewa, akanyamaza. Aliona pochi inavyosinyaa, na anasema kunyamaza huko kulimchosha kuliko kupepeta.

Wiki ya tatu upepo ulilala siku kadhaa mfululizo. Siku hizohizo dawa za Bibi Anastazia zikaisha. Sostenes alifungua pochi asubuhi mbele ya mama yake na hakukuta kitu.

"Mama hakunilaumu," anasema, na sauti yake inashuka. "Aliniambia tu, usihangaike mwanangu, leo nitalala mapema. Mimi nikajua kichwa kimeshaanza kumuuma."

Chini ya kitanda kulikuwa na mfuko wa zana zake. Tangu aanguke hakuruhusu mtu auguse, kwa kuwa alikuwa bado anaamini iko siku atapanda tena jukwaani. Siku hiyo aliuvuta, akatoa pima maji yake, kifaa cha kupimia usawa wa ukuta alichokinunua kwa ujira wake wa kwanza, na kumuuzia fundi mmoja wa mtaani. Kabla ya adhuhuri mama yake alikuwa amemeza dawa.

Dorkas aliligundua hilo jioni alipokuwa akifagia chumba na kukuta mfuko umelegea.

"Nililia," anasema. "Mimi nilitaka aone tu. Sikutaka afike huko. Nikamwambia, Baba Rebeka, yaishe, nirudishie pochi. Akanijibu, mwezi haujaisha."

Siku zilizosalia Sostenes alihamisha kiti kutoka mlangoni kwenda jikoni. Ndoo aliyoipiga teke aliiokota mwenyewe na kuinyoosha. Akawa anakaa akiutazama moto wa makapi, na kadiri alivyoutazama ndivyo jicho la fundi lilivyoanza kuona kasoro. Joto lilipotelea ubavuni kwenye bati. Moshi ulimwingia mama yake machoni.

Asubuhi moja aliwatuma watoto udongo wa kichuguu na vipande vya matofali. Akaketi kwenye kigoda, mguu mbovu ameunyoosha, mwiko wake wa ujenzi mkononi, na kuanza kujenga. Jiko la kwanza lilipasuka kwa kuwa hakulipa muda wa kukauka. La pili, lenye ukuta mnene na bomba la kutolea moshi nje, ndilo linalopikia hadi leo.

"Nilirudi kutoka kazini nikamkuta amepakaa udongo hadi kwenye nyusi," anasema Dorkas. "Hakuniona nikiingia. Alikuwa anapiga mluzi. Nilikuwa sijausikia huo mluzi tangu aanguke."

Mteja wa kwanza alikuwa jirani yao Martha, muuza maandazi, aliyechoka kununua kuni. Baada ya hapo habari ilisambaa. Sostenes sasa hupelekwa kwa bodaboda hadi kwa mteja, hujenga akiwa amekaa, na hulipwa Sh15,000 kwa jiko. Kuna wiki anajenga mawili, kuna wiki simu haiiti kabisa. Daktari amemwambia asitarajie kupanda jukwaa tena, na siku hizi analisema hilo bila kutazama chini.

Mwezi ulipoisha aliirudisha pochi. Dorkas akakataa kuishika peke yake. Tangu wakati huo kila Jumamosi mchana, vyombo vikishaoshwa, wanaketi wawili na kupanga matumizi ya wiki.

"Msidhani hatugombani," anaonya Dorkas. "Yeye anataka bando la kuangalia mpira. Mimi nasema sikiliza redioni. Hapo ndipo tulipo mpaka sasa."

Kwa Rebeka wamekubaliana mapema: akifaulu mtihani wa mwisho, kila kitakachopatikana kwenye majiko kitaelekezwa kwenye masomo yake. Lakini kuna mpango mwingine ambao Dorkas anausema kwa sauti ya chini, kana kwamba mkwewe anaweza kumsikia hadi hapa kiwandani.

Bibi Anastazia ana mdogo wake, Klara, anayeishi Kilimatinde. Hawajaonana kwa miaka mingi. Wanasalimiana kwa simu, na kila mara wakikata, bibi hubaki ameishika simu mkononi.

"Kabla ya mvua kuanza tutampeleka," anasema Dorkas. "Tutashuka Manyoni, tuchukue gari la kupanda Kilimatinde. Na pale stendi ya Manyoni tutaingia hotelini, tukae kwenye meza yenye kitambaa, tuagize wali na kuku. Mama apewe chai. Aweke sukari mpaka kijiko kisimame."

Kisha anajitanda tena kanga yake puani, anaokota ungo na kurudi kwenye upepo.